Tabora mpaka Kigoma peke yako: mwongozo kwa mwanamke msafiri

Mara ya kwanza kupanda treni ya Kigoma peke yangu nilikuwa na miaka 26. Mtaji wa dagaa niliufunga kibindoni, na mama yangu alisimama pale stesheni ya Tabora machozi yakimlengalenga. Alinipa maneno matatu tu: "Mwanangu, salimia watu." Nilidhani ananifundisha adabu. Baada ya miaka mingi ya kwenda na kurudi kwa ajili ya dagaa na mawese, nimejua kwamba alikuwa ananipa ulinzi.

Nawaandikia mabinti wanaoniuliza kila mara: mwalimu aliyepangiwa shule Uvinza, muuguzi anayekwenda kuripoti kazini Kasulu, mwanafunzi, mfanyabiashara anayeanza, na dada anayetaka tu kuliona ziwa kwa macho yake. Wengi huambiwa wajifiche, wanyamaze, wasiongee na mtu. Mimi nasema hapana. Mwanamke asiyejulikana na yeyote njiani ndiye anayewindwa kirahisi. Kila hatua ya safari hakikisha yupo mtu mmoja, hasa mwanamke, anayeijua sura yako, anajua unakokwenda, na atauliza "Yule binti yuko wapi?" usipoonekana. Yote ninayoyaeleza hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo.

Hatua ya 1: Kabla hujafunga begi

Chagua mtu mmoja wa nyumbani awe mlinzi wa safari yako. Mmoja tu, kwa sababu ukiwapa watano kila mmoja atadhani mwenzake ndiye anayefuatilia. Mwandikie ujumbe wenye siku ya kuondoka, jina la basi au namba ya behewa, mahali utakapolala, na saa mtakazokuwa mnawasiliana. Kubalianeni kabisa: asipokusikia mpaka saa fulani, anampigia nani? Mimi na dada yangu tuna neno letu la siri. Nikimwandikia "Msalimie shangazi wa Nzega", anajua nina shida na nimezungukwa na watu. Hatuna shangazi Nzega.

Beba kitambulisho cha Taifa. Hili wengi wanalipuuza, kumbe kwa Kigoma ni lazima. Mkoa uko mpakani: kaskazini Burundi, ng'ambo ya ziwa Kongo. Maofisa wa Uhamiaji hukagua abiria njiani, na hata wazawa wa Kigoma huombwa vitambulisho. Kushushwa garini peke yako saa mbili usiku kwenye kizuizi kwa sababu kitambulisho umekiacha kabatini ni hatari unayoweza kuikwepa kabisa. Kama kadi yako haijatoka, beba namba ya NIDA na kitambulisho cha kazi au cha mpiga kura, na piga picha zote uzihifadhi kwenye simu na kwa yule mtu wako wa nyumbani.

Pesa igawe mara tatu. Ya matumizi ya njiani, noti ndogondogo, iwe kwenye pochi unayoitoa hadharani. Ya akiba iwe mwilini: kwenye sidiria, kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya sketi, au kibindoni kama bibi zetu. Iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, iache kwenye simu utoe kwa wakala ukifika. Namba ya siri usimtajie mtu yeyote, hata anayejiita wakala, na usimpe mtu simu yako akusaidie kutoa.

Begini weka hivi: kanga mbili, tochi, pawabenki, pedi za kutosha hata kama siku zako bado, karatasi za chooni, sabuni ya kipande, kandambili, dawa zako za kawaida, kufuli dogo, na kabari. Kabari nitaielezea tukifika kwenye gesti.

Begi liwe moja, unaloweza kulibeba mwenyewe kwa hatua 200 bila kupumzika. Ukilazimika kuomba msaada wa kubebewa, umeshamchagulia mtu usiyemjua nafasi ya kukufuata mpaka mlangoni.

Hatua ya 2: Treni au basi?

Treni ni ya pole pole, haiendi kila siku, na mara kwa mara huchelewa. Hata hivyo, kwa mwanamke anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, mimi nampeleka kwenye treni. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, enzi za Mjerumani, na kutoka Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilometa 400. Reli ya kisasa huku kwetu bado inajengwa, kwa hiyo hapa nazungumzia treni ileile ya zamani tuliyoizoea.

Kata tiketi ya daraja la pili kulala. Kwenye daraja hilo chumba kina vitanda sita, na wanawake hupangwa na wanawake. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Unapokata tiketi sema wazi dirishani: "Naomba chumba cha wanawake, nasafiri mwenyewe." Usione aibu, karani amezoea. Daraja la kwanza lina vitanda viwili, na ukiwa huna mwenzako unaweza kujikuta na mgeni mmoja tu chumbani. Akiwa mwanamke mwema ni raha tupu, ila mimi hujisikia salama zaidi katikati ya akina mama watano wenye watoto. Daraja la tatu ni la bei nafuu na lina uchangamfu wake, lakini usiku utakaa macho ukilinda begi, na ukisinzia hujui nani amekaa karibu yako.

Basi lina haraka yake. Ukilichagua, chagua linaloondoka alfajiri na kufika mchana. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na wapiga debe watakusifia la usiku kwamba hupotezi siku. Wewe uliza swali moja: linafika saa ngapi? Likifika saa tisa usiku, hilo si lako.

Kwenye basi kata kiti cha mbele, safu mbili tatu nyuma ya dereva, na uombe ukae na mwanamke. Ukikuta umepangwa na mtu anayekutia wasiwasi, mwambie kondakta kabla gari halijaondoka. Kabla ya kuondoka kubadilisha kiti ni jambo la dakika moja. Baadaye ni ugomvi.

Na mkono wa jirani ukianza kutangatanga, usisogee dirishani kimya kimya mpaka ukabanwa na bodi la gari. Nilifanya hivyo nikiwa msichana na nilisafiri saa nne nikilia moyoni. Siku hizi namgeukia na kusema kwa sauti ya gari zima kusikia, kwa adabu zote: "Kaka, naomba mkono wako uurudishe kwako." Maneno hayo, bila tusi. Basi lote hugeuka. Akina mama nyuma huanza kuguna, na mara nyingi kuna mzee atakayesema, "Binti, njoo ukae huku."

Hatua ya 3: Ndani ya chumba cha treni

Ukiingia, salimia kila mtu kabla hujaweka begi. Aliyekuzidi umri, shikamoo. Mnyamwezi mwenzangu akisikia "Mwangaluka" asubuhi, uso wake unafunguka hapohapo, na Muha ukimwambia "Mwakeye" atakuuliza kwenu wapi. Kisha jitambulishe: jina lako la kwanza na kituo unachoshuka. "Naitwa Mwajuma, nashuka Kigoma mwisho." Inatosha. Utasikia na wao: huyu anashuka Urambo, yule Kaliua, mama mwenye mtoto anakwenda Uvinza. Anayeshuka mbele kuliko wote au pamoja na wewe ndiye wa kuwa naye karibu. Huyo ndiye utakayemwachia begi ukienda chooni, na yeye atakuachia mtoto.

Chukua kitanda cha juu kama kipo wazi. Mtu hawezi kukaa juu yake kama benchi, na mkono wa dirishani haukufikii. Begi liwe upande wa kichwa, mkanda wake umeuzungusha kwenye mkono. Kanga moja tandika, nyingine jifunike. Simu isilale dirishani hata kwa dakika tano. Treni ikisimama kwenye stesheni za usiku, mkono unaweza kuingia kutoka gizani ukatoka na chochote, kwa hiyo giza likiingia dirisha la chumba lishushwe. Litawahusu wote, hivyo lizungumzeni mapema. Na mlango ufungwe kwa ndani. Anayegonga ajitaje kwanza, hata akisema ni mkaguzi wa tiketi. Mama mmoja amuulize, mwingine awashe tochi, ndipo mfungue.

Chakula. Hapa nitasimama kidogo, maana ushauri wa "usile cha mtu" unawaumiza vichwa mabinti wengi. Sisi ni watu wa kukaribishana. Mtu anafungua kontena la wali na kuku, na kula peke yake anaona haya. Lakini pia kuna watu waliowahi kulazwa usingizi kwa soda au biskuti wakaamka hawana kitu. Kanuni yangu ni hii: kitokacho kwenye sahani moja ambayo wote tunachovya, nala. Muhindi alioununua dirishani mbele yangu na kuumenya mbele yangu, nala. Kinywaji kilichofunguliwa nisipoona, sinywi, hata akitoa shehe. Na namna ya kukataa bila kumkosea mtu: "Asante mama, tumbo langu la safari halitaki." Hakuna anayebishana na tumbo. Kisha wewe toa chako, karanga au ndizi, umkaribishe, na undugu unabaki palepale.

Chooni nenda mapema, kabla foleni ya asubuhi, na uende na kandambili, karatasi na maji yako ya chupa. Usiku mwamshe jirani umwambie "Naenda chooni, narudi sasa hivi." Pedi iliyotumika ifunge kwenye karatasi na mfuko wake, usiitupe relini.

Asubuhi ukiamka karibu na Malagarasi utaona mto na mabwawa yametanda, kisha Uvinza, mji wa chumvi. Ukifika hapo mtumie mtu wako ujumbe.

Hatua ya 4: Kufika

Hili ni la haraka lakini likosee uone. Treni ikifika usiku, usitoke stesheni. Baki pale pale kwenye mwanga, pamoja na abiria wengine wanaosubiri kuche, na kila safari watakuwepo. Stesheni ya Kigoma ni jengo la Mjerumani lililo chini kabisa ya barabara ya Lumumba, karibu na ziwa. Kukipambazuka mji wote unauona unapanda juu kuelekea mtaa wa Mwanga. Kaa na yule mama wa chumbani.

Bodaboda mchukue mwenyewe, siye aliyekunyang'anya begi. Kubaliana bei ukiwa umesimama chini. Piga picha ya namba ya pikipiki na uitume nyumbani mbele yake, ukisema tu, "Kaka, namtumia dada yangu, ananisubiri." Mwema hajali kabisa. Asiyependa, mwache aende. Na usimwambie "Nipeleke gesti yoyote nzuri." Uwe na jina.

Hatua ya 5: Gesti

Sasa tukae hapa, maana katika miaka yangu yote ya kusafiri, hofu kubwa niliyopata haikuwa njiani. Ilikuwa chumbani.

Nililala kwenye gesti moja ambayo sitaitaja, karibu na baa. Mapokezi aliniuliza kwa sauti, watu wawili wamekaa pembeni wanakunywa: "Uko peke yako, dada?" Nikajibu ndiyo. Akaniandika kwenye kitabu, akaning'inizia ufunguo mbele yao, "chumba namba saba." Saa saba usiku kitasa kikazunguka. Taratibu, kama mtu anayejaribu. Halafu sauti: "Fungua, tuongee kidogo." Komeo lilikuwa limelegea, skrubu mbili hazipo. Nilisukuma kitanda mpaka mlangoni nikakalia hapo nikiwa nimeshika simu mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi mhudumu aliniambia, "Ah, walikuwa wamelewa tu."

Tangu siku ile nafanya mambo haya, yote, kila mara:

Nafika kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili nikikipenda chumba nilale na nisipokipenda nipate muda wa kutafuta kingine.

Naomba kuona chumba kabla ya kulipa. Nazungusha kitasa, navuta komeo, natikisa mlango. Naangalia nondo za dirisha, pazia linafunika au la, na kama kuna mlango wa pili. Nawasha taa. Naangalia chandarua kama kina matundu, kwa sababu Tabora na Kigoma malaria ni nyingi na mbu hawaulizi umetoka wapi. Chumba kiwe karibu na mapokezi au karibu na familia, kisiwe cha mwisho wa korido wala cha nyuma uani.

Kitabu cha wageni naandika mwenyewe. Gesti zinatakiwa kuwaandikisha wageni, na ukweli uandike: jina, unakotoka, unakokwenda. Lakini chukua kalamu, andika, funga kitabu. Usikubali kusomewa kwa sauti. Wakiuliza "Uko peke yako?" mbele za watu, jibu langu ni "Ndugu zangu wako hapa Mwanga, watapita baadaye." Wala si uongo mtupu, maana kufikia siku hiyo nimeshapata mama wa kunijua mjini, na namwita ndugu.

Na kabari. Ni kipande cha mti kilichochongwa pembetatu, unene wa vidole viwili upande mmoja na ukali wa kisu upande wa pili. Yangu nilichongewa na fundi seremala wa Tabora kutoka kwenye mabaki ya mninga, bei ya chai na andazi. Ukishafunga mlango unaofunguka kwa ndani, unaisukuma chini ya mlango kwa kisigino mpaka ikaze. Anayesukuma kutoka nje anazidi kuikaza. Chini yake nimegundisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili isiteleze kwenye sementi au vigae. Hii kabari imenipa usingizi kuliko komeo lolote. Kama mlango unafunguka kwa nje haitafaa, na hapo ndipo unafunga kitasa kwa kanga kwenye nondo ya dirisha au mguu wa kitanda, au unaomba chumba kingine.

Kama bajeti inaruhusu, ulizia hosteli za misheni. Tabora na Kigoma makanisa yana nyumba za wageni. Ni safi, geti linafungwa usiku, pombe hakuna, na hawakuulizi dini.

Hatua ya 6: Kutembea mjini, sokoni na ziwani

Kigoma ni mji wa watu wapole na wa dini. Waislamu ni wengi, hasa Ujiji, na mavazi ya heshima yanakurahisishia mambo. Kanga ya kiunoni inatosha. Sisemi hivyo kwa sababu nguo ndiyo inayomlinda mwanamke au ndiyo inayomponza. Mwenye nia mbaya hasubiri nguo, na kosa ni lake siku zote. Nasema hivyo kwa sababu ukivaa kama wenyeji, akina mama wanakukaribisha haraka, na hao ndio unaowahitaji.

Siku ya kwanza mtafute mama wako. Mimi wangu nilimpata mwalo wa Kibirizi, anaanika dagaa. Nilinunua kwake kidogo, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamuuliza dagaa wa kukaangwa wanatofautianaje na wa kuanikwa. Alichukua wachache, akawavunja katikati mbele ya pua yangu: mkavu anavunjika kwa mlio, mbichi anapinda. Baada ya hapo akaniuliza nalala wapi. Nilipomwambia, akakunja uso na kunitajia gesti nyingine, akampigia mwenye nayo simu palepale. Habari za mji hazipo kwenye bango lolote. Ziko kwa mama wa dagaa, mama lishe na mama wa vitenge sokoni.

Boti za kwenda vijiji vya kaskazini na upande wa Gombe, hifadhi ya sokwe, hutokea Kibirizi. Boti ya abiria ni nafuu na hujaa hasa. Nenda mapema ukachague pa kukaa, karibu na wanawake, mbali na madumu ya mafuta. Kabla ya kukanyaga boti uliza jaketi la kujiokolea, ulivae. Wasipokuwa nalo, subiri nyingine. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na upepo ukibadilika mawimbi yake si ya mchezo. Ukiona wavuvi wenyewe wamevuta mitumbwi nchi kavu, hakuna safari inayokuita kiasi hicho.

Dada zangu wanapoambiwa kwamba mwanamke kwenda Gombe peke yake ni wazimu, huwakumbusha habari ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025. Alifika Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, na wakoloni wa Kiingereza hawakumruhusu akae peke yake msituni, kwa hiyo alikuja na mama yake mzazi kwa miezi ya mwanzo. Mama yule alifungua kijizahanati kidogo akawa anawagawia wavuvi dawa za kawaida. Binti alikuwa juu milimani na sokwe, mama yuko chini anajenga ujirani. Nikiisikia habari hiyo namkumbuka mama yangu pale stesheni. Leo hifadhi ina waongozaji, unatembea nao, na ukiwa na mafua waambie mapema kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu.

Ujiji, pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, unafika kwa daladala. Nenda mchana, rudi kabla ya magharibi.

Jioni, jua likizama upande wa Kongo, kaa ufukweni penye watu. Magharibi ikiadhiniwa, anza kurudi.

Hatua ya 7: Maneno ya mdomoni

Maswali ni yaleyale kila safari, kwa hiyo majibu yaandae ukiwa nyumbani uyaseme bila kusita.

"Umeolewa?" Jibu: "Ndiyo, tunamshukuru Mungu," kisha geuza: "Na wewe shemeji yetu hajambo?" Swali la mke wake humrudisha mtu nyumbani haraka. Kama hujaolewa na hutaki kudanganya, sema, "Mambo hayo yako kwa wazee wangu."

"Naomba namba yako." Jibu: "Nipe yako." Unaiandika, unashukuru, basi. Asije akaomba umpigie palepale aione yako. Akiomba, simu yako haina salio.

"Unalala wapi?" Jibu: "Kwa ndugu." Mtaa usiutaje.

"Mbona uko peke yako?" Jibu: "Niko kazini." Kwetu mwanamke aliye kazini anaheshimiwa, na kama ni safari ya kujifurahisha, hiyo nayo ni kazi ya kuutunza moyo wako.

Akizidi kung'ang'ania, acha upole. Simama, paza sauti, mwite mtu mzima aliye karibu kwa cheo cha ndugu: "Mama, naomba unisaidie na huyu kaka." Ukisema "msaada" tu, kila mtu hudhani anaitwa mwingine. Ukimwangalia mama mmoja machoni na kumwita mama, hawezi kugeuka.

Hatua ya 8: Likitokea la kutokea

Namba ya dharura ya polisi ni 112, bila malipo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika kaunta usieleze habari yako mbele ya foleni. Sema, "Naomba Dawati la Jinsia," na una haki ya kusikilizwa faragha.

Kama umefanyiwa ukatili wa kingono, muda ni kila kitu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Tabora kuna Kitete, Kigoma kuna Maweni, zote hospitali za rufaa za mkoa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo zinahitaji kuwahi, hazizidi siku tano. Ukiweza, usioge na usifue nguo ulizokuwa umevaa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Polisi watakupa fomu namba tatu, PF3. Ukiwa umeumia sana, tanguliza hospitali. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inayatambua haya yote kuwa jinai, pamoja na kushikwashikwa na kutongozwa kwa maneno machafu usiyoyataka. Nenda na yule mama wako. Hata kama mmejuana siku mbili, mpigie. Atakuja.

Na usimruhusu mtu akuulize ulikuwa unafanya nini peke yako.

Hatua ya 9: Kurudi na mzigo

Kama umenunua dagaa na mawese, mzigo mkubwa upelekwe kwenye ofisi ya vifurushi ya stesheni siku moja kabla, upimwe, ukatiwe risiti. Andika jina na namba ya simu kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito, na ndani ya gunia pia, kwenye karatasi. Madumu ya mawese yakaze vifuniko, uyasimamishe wima, na usiyaweke chumbani: likimwagika moja, kitanda chako na cha jirani vimekwisha, na urafiki wenu nao.

Kabla ya kupanda, mpigie mama wa Kibirizi umuage, umwambie na behewa lako. Safari yangu ya mwisho alikuja mwenyewe mpaka stesheni na migebuka minne ya kukaanga amefunga kwenye gazeti. Alipanda mpaka mlango wa chumba, akachungulia, akawasalimia akina mama wote mmoja mmoja, kisha akawaambia: "Huyu ni mwanangu, anashuka Tabora."